Wazee Wamekwenda Kumuombea Sinan Klabu

Madinat Sultan Qaboos, Muscat
12 Septemba 2024

Mwanangu Sinan,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta umevaa soksi. Sie huku hatujambo, joto ndo linaanza kupungua, yaani sasa mtu anaweza kushika usukani wa gari bila ya kupiga ukelele. Sabah binti yangu hajambo, mumewe hajambo, na mama mkwe wake hajambo vilevile ingawa hasemi na mie.

Huyo mama mkwe ndo alonifanya nishike kalamu. Nilisema kwenye simu, kwa sauti, kumwambia Sabah peke yake, kwamba biriani ya mama mkwe wake ingefaa kuzibia nyufa za ukuta. Kidole kikateleza, ikaenda kwenye kundi la ukoo mzima, na wa kwanza kuisikia ni yeye mwenyewe. Tangu siku ile simu naitumia kwa salamu tu. Maneno ya maana ntayaandika kwa mkono nimpe Saud wa ami yako Harub, maana kazi yake ya kuhudumia abiria inamfikisha Frankfurt, nawe utapanda treni umfuate uwanja wa ndege.

Ami yako Harub mwenyewe kastaafu. Basi kila asubuhi anavaa dishdasha ilopigwa pasi, anajifukiza udi, anakwenda Al Khuwair kukaa kwenye foleni ya magari pamoja na watu wanaokwenda kazini. Akifika mlango wa wizara alokuwa akifanya kazi anageuza anarudi. Nikamuuliza, kaka, unafuata nini huko? Akanambia amezoea, na kwamba akikaa nyumbani asubuhi anajiona mgonjwa.

Sasa nije kwenye langu. Sabah kanifungulia mechi yako kwenye kompyuta. Nikavaa miwani, nikakutafuta uwanjani wee, sikukuona. Sabah akanambia, "Mama, yule pale, kakaa kwenye kiti, kavaa koti." Mechi nzima! Marehemu baba yako alikwenda Ujerumani kusomea uhandisi, akaoa huko, akakuzaa huko, akakubeba kwenye baridi kukupeleka mazoezini, ili uje ukalishwe kitini na miaka thalathini na tatu? Nani kakukalisha? Niandikie jina lake.

Na kwa kuwa nshaanza kusema, acha nimalize. Miaka yote hii nnayokutazama, wewe ukipata mpira unampa mtu. Siku nyengine uko mbele ya goli, peupe kabisa, unatazama kulia, unatazama nyuma, unampa mtu! Sikukufunza uchoyo, lakini na ukarimu nao una mwisho, Sinan.

Nakuletea halwa ya zaafarani. Nijibu, na usiniandikie "sijambo" halafu ukasaini.

Shangazi yako,
Mazoon


Oberlinden
6 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Saud nimemkuta, barua nimeipata, na soksi nilikuwa nimevaa jozi mbili. Mama hajambo, anakusalimu kwa Kiswahili chake chote, yaani "jambo". Mvua huku imeanza na haina dalili ya kuona haya.

Kile kiti kinaitwa benchi. Aliyenikalisha ni kocha, na jina lake sikupi kwa sababu nakujua. Ni mpango wake wa mchezo tu, anawapa nafasi vijana. Mimi sina tatizo. Goti langu halina neno.

Kuhusu pasi, nataka nikueleze vizuri maana hili umenilaumu tangu nina miaka kumi na saba. Mimi ni kiungo, shangazi. Kazi ya kiungo ni kama yako siku ya Idi: hakuna anayekuona ukila, lakini hakuna sahani isiyopita mkononi mwako. Mshambuliaji ndiye anayefunga na kupigwa picha. Mimi naupokea mpira kutoka kwa watu wenye hofu na kuwapa watu wenye haraka.

Nakiri kazi yenyewe haijakuwa ya kuandikiwa vitabu. Mechi yangu ya kwanza, daraja la pili, niliingizwa mwisho kabisa, na refa alipopuliza kipenga sikuwa nimeugusa mpira. Nikahamia kaskazini, tukapanda daraja la kwanza, mwaka uliofuata tukashuka. Klabu ya tatu ilishuka bila hata kujisumbua kupanda kwanza. Ya nne ilifilisika nikiwa kwenye basi lake. Sasa niko hapa, daraja la tatu, na magazeti yananiita "wa kutegemewa". Hilo ndilo neno wanalompa mchezaji wanapokuwa hawana jingine la kusema.

Lakini siku ile tulipoitoa timu kubwa kwenye Kombe, pasi iliyozaa pasi iliyozaa goli ilikuwa yangu. Baba aliirekodi. Kila mgeni akija alikuwa akiiweka, akiisimamisha, akipiga kidole kwenye kioo, "Hapa! Hapa!" Na wageni wote walikuwa wakimtazama mtu mwingine. Namkumbuka sana baba nikikaa pale kwenye koti.

Mkataba wangu unaisha Juni. Bado tunazungumza. Wakala wangu anatafuta na kwingineko, usiwe na wasiwasi.

Halwa imefika, ila mtaalamu wetu wa lishe ameipiga marufuku. Kocha alionja kidogo kwa adabu, kisha akaondoka na bakuli. Ameuliza kama kuna nyingine.

Mwanao,
Sinan


Madinat Sultan Qaboos
9 Novemba 2024

Mwanangu Sinan,

Salamu nyingi. Wote wazima. Mama mkwe wa Sabah kanialika biriani, nimekula sahani mbili, na nikamuomba anifungie na ya kwenda nayo nyumbani. Toba yangu ndo hiyo.

Barua yako nimeisoma nikaisoma tena, na kila nikifika penye "bado tunazungumza" nasimama. Mtu anayetakiwa hazungumzwi miezi na miezi. Na mbona umenitajia goti? Mie sikukuuliza goti.

Lakini nimegundua kosa liko wapi. Huyo wakala. Ni mtoto wa nani? Anakujua wewe tangu lini? Nimeiona picha yake, Sabah kanionesha, kijana kavaa viatu vyeupe na miwani ya jua ndani ya nyumba. Ndo anaingia kwenye vilabu vya watu peke yake, hana mzee, hana hata kibweta cha halwa mkononi, anasema "nna mchezaji"? Mie ningemfungulia mlango mtu kama huyo? Ndo maana hawakupi jawabu, Sinan. Wanakuona huna watu.

Na watu unao. Hapa kuna klabu, Nadi Al Marsa, ya upande wa Yiti. Mwenyekiti wake ni Bwana Majid, na bibi yake na mama yangu walikuwa majirani Unguja, ukuta mmoja. Uwanja wao una nyasi, nimeuliza. Utacheza mpaka uchoke, jua linawaka, na jioni utakuja kula kwangu.

Mengine niachie mie. Na kocha wako mwambie hivi: ukicheza mechi nzima atapata kilo ya halwa. Ukikaa, asinuse.

Shangazi yako,
Mazoon


Oberlinden
20 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo, wote wazima, mvua inanyesha, nina haraka maana Saud anaondoka leo.

Tafadhali usimtume mtu yeyote kwa Bwana Majid! Klabu haiombwi hivyo. Wanataka video, wanataka vipimo vya hospitali, wanataka kuzungumza na wakala. Ami Harub akiingia pale na jambia kiunoni sijui watafikiri nini. Nakuomba, shangazi. Na mambo ya vipimo hasa, sitaki yaharakishwe.

Kocha amesema kilo ni kidogo.

Sinan


Madinat Sultan Qaboos
7 Desemba 2024

Mwanangu Sinan,

Assalaam alaykum, na safari hii zipokee umesimama, maana ni salamu za furaha. Kama uliniandikia sijapata. Saud alitoka Frankfurt akapelekwa moja kwa moja Bangkok, yuko huko na barua yako kwenye sanduku inatalii.

Wamekwenda! Alkhamisi baada ya laasiri. Ami yako Harub, kavaa kilemba cha harusi na jambia la babu. Mzee Jaifar jirani yetu, kwa sababu ya ndevu zake. Mume wa Sabah kabeba halwa. Mie na Sabah tukafuata kwa gari letu. Tulichelewa, kwani Harub akishika usukani gari linamuelekeza Al Khuwair lenyewe, na Yiti iko upande wa pili kabisa. Tulimkuta kasimama mbele ya wizara anajiuliza.

Walivotupokea, Sinan! Bwana Majid katoka mpaka nje ya lango. Sie wanawake tukakaribishwa ndani na mkewe, kanibusu, kanikumbatia, machozi yanamlenga. Binti yao Buthaina, daktari wa mifupa mzima, akatuletea kahawa kwa mkono wake, kavaa nguo ya kijani ilotariziwa, macho chini. Nikamnong'oneza Sabah, hawa ndo watu, tumekuja kwa mambo ya mpira tu na wanatupokea kama Idi.

Mlango wa majlis, ukumbi wanaokaa wanaume, ulikuwa wazi kidogo, basi yote nimeyasikia. Harub alisema vizuri mpaka nikaona fahari. "Tumekuja kwa jambo la kheri. Tuna kijana wetu yuko Ujerumani, umri umefika wa kutulia. Tumetazama Muscat yote, hatukuona nyumba ya kumueka ila nyumba yako." Mpira hakuutaja hata mara moja. Ndo uungwana, watu wazima hawatupiani haja usoni, kila mtu anajua kilomleta mwenziwe.

Bwana Majid akauliza, anasali? Anamtunza mama yake? Ana hasira? Harub akamwambia hasira hana kabisa, hata akisukumwa anaanguka kimya. Akaulizwa, mbona mpaka leo hajatulia? Akajibu kwamba pengi amepita lakini hapakumfaa. Magoli hawakuuliza, jambo lilonifurahisha mno, kwani hapo tungeaibika.

Mwisho Bwana Majid akasema, "Mie nimeridhia, lakini tupeni muda tumuulize mwenyewe." Mwenyewe nadhani ndo kocha. Na kocha anaelekea kukubali, kwani jana walipiga simu, mwenyewe anataka picha. Sabah alitaka nipeleke ya jezi, nikakataa, hiyo umechafuka. Nimepeleka ile ya harusini, umevaa suti. Mwenyewe kaomba na nambari yako ya simu. Akikuandikia mjibu kwa adabu.

Shangazi yako mwenye furaha,
Mazoon


Oberlinden
11 Januari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kheri ya mwaka mpya. Mama amejifunza neno la pili, sasa anasema "jambo sana". Theluji imefika magotini.

Kocha wa Nadi Al Marsa ameniandikia. Kocha ana miaka thalathini na mmoja, ni daktari wa mifupa, ana nguo ya kijani iliyotariziwa, na jina lake ni Buthaina.

Shangazi, mmeniposea.

Fikiria tena ile siku. Wazee watatu, majambia, halwa, Alkhamisi, kijana umri umefika wa kutulia, na hakuna hata mmoja aliyesema neno mpira. Walidhani nini, kwamba mmekuja kuuliza habari za kona na faulo? Bwana Majid mpaka leo hajui kama nacheza mpira. Anadhani mimi ni mhandisi kama baba.

Yeye Buthaina ndiye aliyegundua, maana alitafuta jina langu ili ajue anaposwa na nani, akakuta video za mechi zangu. Akazitazama. Zote! Sijui hata Mama kama amezitazama zote. Kisha akaniandikia, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, kwamba ana maswali mawili. La kwanza: je, mimi mwenyewe najua kwamba namposa? Nikamwambia nimejua dakika hii. Akacheka, yaani aliandika kwamba anacheka. La pili lilikuwa la mpira, na ni swali ambalo makocha wangu wote hawajawahi kuniuliza. Sitaki kuliandika hapa.

Tafadhali mtafute namna ya kutoka kwenye jambo hili bila kuwavunjia heshima wale watu. Hawajatukosea chochote.

Mkataba? Bado tunazungumza.

Sinan


Madinat Sultan Qaboos
2 Februari 2025

Sinan,

Salamu ni hizo hizo. Barua yako nimeisomea jikoni, nimesimama, na uji umeungua.

Aibu gani hii! Nimemuita Harub, nikamuuliza, ulisema nini kwa watu? Akajibu, "Nilisema jambo la kheri." Akanigeukia, na ndoa si kheri? Klabu si kheri? Haoni kakosea wapi, na kwa kweli ukimtazama usoni na wewe unaanza kutilia shaka. Nikamwambia arudi akafute maneno. Hapo akapandisha sauti: posa haifutwi, ukifuta umemwambia mtu binti yako nimemtazama sikumtaka. Na hapo, Mungu anisamehe, Harub alikuwa na haki. Nimekaa siku nzima nimeshika kichwa.

Aliyetuokoa ni yule msichana. Kamwambia baba yake kwamba amefikiri na hataki mume anayekaa kwenye theluji. Kwisha. Kukataliwa ni jambo la kawaida, hata wafalme wanakataliwa, hakuna aliyevunjiwa heshima. Bwana Majid kaja mwenyewe hapa nyumbani, kaleta mbuzi, kaomba radhi kwa jawabu la binti yake. Na Harub, unasikia, Harub kakunja mikono akamwambia, "Tumekusameheni." Nilikuwa nyuma ya pazia, nikauma kidole.

Sasa ni marafiki, wanapigiana simu kila siku. Ila khabari ya klabu haijaulizwa mpaka leo, kwani sasa hakuna anayejua aanzie wapi.

Na wewe. Buthaina kaja kunitembelea, peke yake, kaniletea tende. Nikamuuliza, lile swali la pili ulomuuliza mwanangu ni lipi? Akanambia, "Muulize yeye, Bi Mazoon. Si langu la kusema." Nikamuuliza kama mnaandikiana bado. Akatazama kikombe. Mnaandikiana nini, watu waliokataana?

Unanificha jambo, Sinan. Niandikie.

Mazoon


Madinat Sultan Qaboos
12 Aprili 2025

Sinan,

Ramadhani imepita, Idi imepita, na Saud karudi tena mikono mitupu. Kwenye simu unanitumia "Idi njema shangazi" na picha ya ua. Ua sikuliomba.

Mazoon


Oberlinden
19 Mei 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mama hajambo. Mvua imekatika na leo jua limetoka, nami nimeishiwa na habari za hali ya hewa, basi niseme.

Goti la kushoto limekwisha. Daktari aliniambia Agosti, kabla hujaniandikia barua yako ya kwanza. Ile siku uliyoniona kitini na koti, chini ya koti nilikuwa nimefungwa bendeji toka pajani. Hakukuwa na mazungumzo yoyote ya mkataba. Wakala aliacha kupokea simu zangu Oktoba. Nimekaa mwaka mzima nikikuandikia "tunazungumza", na nilikuwa nazungumza peke yangu.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa. Tangu nina miaka sita sijafanya kazi nyingine wala sijui nyingine. Baba alinibeba kwenye theluji kwa ajili ya hii. Nikisema imekwisha, nilikuwa sijui nitakuwa nani kesho yake asubuhi. Nilidhani nikinyamaza muda wa kutosha mtu mwingine atalisema kwa niaba yangu.

Na alilisema. Swali la pili la Buthaina lilikuwa hili: "Kwa nini miaka miwili hii hujageukia kushoto na mpira hata mara moja? Familia yako inajua?" Daktari wa mifupa, shangazi, mmenitafutia mchumba anayeona ndani ya goti kutoka Muscat. Tangu Januari tunaandikiana. Mwanzo ilikuwa goti tu. Sasa ni mara chache tunalitaja goti.

Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho. Najua uliitazama, ila nataka nikusimulie mwenyewe. Kocha aliniingiza dakika kumi za mwisho. Uwanja wetu ni mdogo, lakini walisimama wote, na yule muuza soseji wa langoni akaacha soseji zake. Dakika ya mwisho mpira ukaniangukia mbele ya goli, peupe. Nikatazama kulia, kuna mwenzangu yuko peke yake. Nikatazama nyuma, kuna mwingine. Halafu nikakuona wewe, na miwani yako, na kompyuta ya Sabah.

Nikageuka nikapiga. Ukapita juu ya goli, juu ya uzio, ukaenda kuanguka kwenye maegesho ya magari. Hawajauona mpaka leo. Na watu walipiga kelele kuliko siku ya Kombe, kwa sababu katika maisha yao hawajawahi kuniona nikipiga! Nililia uwanjani, shangazi. Nililia na kucheka pamoja, na kocha akanikumbatia akaniuliza sikioni kama halwa itaendelea kuja.

Usiku Buthaina aliniandikia neno moja tu: "Kushoto." Ndiyo. Nililisahau goti, nikageukia kushoto.

Nataka kuja kuishi huko kwenu Muscat. Sina klabu wala sitafuti. Ila nina ombi. Theluji naiacha, kwa hiyo ile sababu haipo tena, na nimemuuliza mwenyewe kama nitume wazee. Kanijibu, "Watume, tuone." Basi naomba Ami Harub aende Yiti mara ya pili, kwa lile walilolidhania mara ya kwanza. Na safari hii alitaje kwa jina lake.

Mwanao,
Sinan


Madinat Sultan Qaboos
8 Juni 2025

Mwanangu kipenzi, Sinan,

Wa alaykumu salaam, na marahaba za miezi yote ulonikosesha.

Nimelia. Si kwa goti, goti ni nyama na mfupa, kila mtu na lake, hata mie la kwangu linalia nikipanda ngazi. Nimelia kwa kuwa umekaa nalo mwaka mzima peke yako kwenye baridi, na una shangazi. Usinifanyie tena.

Mechi tuliitazama sote, hapa sebuleni, na Bwana Majid alikuwepo na familia yake. Ulipopata mpira ule, Harub akainuka akaenda mpaka kwenye kioo, akapiga kidole, "Hapa! Hapa!" Sauti ileile ya baba yako, Sinan. Kisha ukapiga, na mimi nakwambia ukweli kwa kuwa nakupenda: umepiga ovyo. Lakini nilisimama nikapiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Sasa sikia ya Alkhamisi. Harub nilimkalisha chini nikamfunza maneno: "Tumekuja kumposa Buthaina." Maneno matatu. Kayakariri njia nzima, na kapitia Al Khuwair makusudi ili apate muda zaidi wa kukariri. Wakafika. Bwana Majid kawapokea langoni anacheka, kainua mkono. "Msiseme! Safari hii najua. Mara ya kwanza nilikufahamuni vibaya, binti yangu kaja kunieleza juzi kwamba mlikuja kwa ajili ya mpira, nami nikakuleteeni mbuzi wa kuomba radhi. Nimeona haya sijui nijifiche wapi. Basi kijana nimemchukua! Kucheza keshamaliza, tumeona wenyewe, lakini mtu alokaa kati ya uwanja miaka yote hiyo hakosi la kuwafunza vijana wangu. Aanze Septemba. Karibuni kahawa."

Na ami yako, na maneno yake matatu mdomoni, akayameza. Akanywa kahawa. Akashukuru. Mzee Jaifar akaomba dua. Wakainuka kutaka kuondoka! Nikamuita Harub mlangoni, nikamuuliza, umesema? Akanambia, "Mtu kanikirimu kwa furaha namna ile, nimwambie amekosea tena?"

Yaani mwanangu, mara ya kwanza tumekwenda kuomba klabu tumepewa binti. Mara ya pili tumekwenda kuomba binti tumepewa klabu.

Buthaina alikuwa upande wetu, nyuma ya mlango, kajiziba mdomo kwa mtandio, anacheka mpaka kakaa chini sakafuni. Mie nikapandwa na hasira, nikasema nipisheni, naingia huko kwa wanaume, nakwenda kusema mwenyewe. Akanishika mkono. Hakuwa akicheka tena. Akanambia, "La, Bi Mazoon. Katumwa wakala, wametumwa wazee mara mbili, na barua zimebebwa mpaka Bangkok. Safari hii aje yeye."

Nimemtazama yule msichana, nikaona kasema kweli.

Basi njoo. Kazi ya kufunza vijana ipo, hiyo ishapatikana, chumba chako nimekifagia. Kocha wako mwambie bakuli langu kwanza alirudishe, kisha ntamjazia. Ukifika utapumzika siku mbili tatu, halafu utakwenda Yiti peke yako. Harub nimemkataza kukufuata, anakwenda zake Al Khuwair. Bwana Majid atakukalisha, atakupa kahawa, atakutazama, na pale majlis hakutakuwa na mtu kulia kwako wala nyuma yako wa kumpa pasi.

Piga, mwanangu. Na mpira ukenda kwenye maegesho ya magari, tutakwenda sote kuutafuta.

Shangazi yako,
Mazoon